Mlango wa Maneno: Makusudio ya Utangulizi Katika Hotuba na Maandishi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema inamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemfunza mwanadamu kusema na kuandika. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyeufuata mwendo wao. Ama baad.

Enyi ndugu Waislamu! Nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kabla yenu, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Maneno haya machache mliyoyasikia hivi sasa ndiyo yanayotangulia khutba kila Ijumaa, katika misikiti ya mjini Moshi na katika misikiti ya mlimani, kuanzia Machame mpaka Rombo. Kwa kuwa tumeyazoea, wengi wetu hatuyapi sikio. Mmoja hutumia wakati huo kutafuta pa kukaa, mwingine huitengeneza kanzu yake, na wa tatu husema moyoni mwake: huu ni utangulizi tu, khutba yenyewe bado. Neno hili, "utangulizi tu", ndilo tunalotaka kulizungumza leo, sisi tulio msikitini pamoja nanyi mnaotusikiliza kwa redio majumbani mwenu.

Je, utangulizi ni pambo la msemaji, au una kazi ya kufanya? Jawabu yetu ni kwamba utangulizi ni haki ya msikilizaji iliyo juu ya msemaji. Kila anayefungua kinywa mbele za watu, au anayeshika kalamu kuwaandikia, anawaomba kitu cha thamani, nacho ni usikivu wao na imani yao. Basi hana budi kuwaambia kwanza ni nani anayesema, anasema juu ya jambo gani, na anasimama juu ya msingi gani. Akilitimiza hilo, ameilipa haki. Akiutumia mwanzo wa maneno yake kwa kujikweza, au kwa kuwazungusha watu, ameila haki ile.

Nguzo, wala si pambo

Na tuanze na khutba yenyewe. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, khutba ya Ijumaa ina nguzo tano. Ya kwanza ni kumhimidi Mwenyezi Mungu. Ya pili ni kumsalia Mtume. Ya tatu ni kuusia ucha Mungu. Na hizi tatu ni lazima katika khutba zote mbili. Ya nne ni kusoma aya ya Qurani katika moja ya khutba hizo, na ya tano ni kuwaombea dua waumini katika khutba ya pili. Tazameni basi: nguzo tatu za mwanzo ndizo hasa zile ambazo mtu wa kawaida huziita utangulizi. Khatibu akiziacha, hata akihutubu kwa ufasaha mpaka watu wakatoa machozi, khutba yake haikutimia.

Hekima yake haifichiki. Aliyepanda juu ya mimbari amewekwa mahali pa juu kuliko wenziwe, na mahali pa juu pana hatari. Kwa hiyo neno lake la kwanza linamshusha: anamsifu Mola wake, wala hajisifu; anamtaja Mtume ambaye mafundisho ni yake; na anapousia ucha Mungu anaitaja nafsi yake kabla ya watu. Wasikilizaji nao wanajua tangu mwanzo kwamba anayesema ni mja mwenzao, na kwamba maneno yake yatapimwa kwa mizani ambayo si yeye aliyeitengeneza.

Kisha linakuja lile neno "ama baad", maana yake ni "ama baada ya hayo". Bwana Mtume alilitumia katika khutba zake na katika barua alizowapelekea wafalme, na baadhi ya wafasiri wamesema kuwa ndiyo ile kauli ya kupambanua aliyopewa Nabii Daudi, amani iwe juu yake. Neno hili ni mlango ulio kati ya sebule na chumba. Linamwambia msikilizaji kuwa sasa tunaingia ndani.

Kumtayarisha anayesikia

Kazi ya pili ya utangulizi ni kuutayarisha moyo wa anayesikia. Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipoamrishwa kwenda kwa Firauni, aliomba kwanza akunjuliwe kifua, arahisishiwe jambo lake, na afunguliwe fundo la ulimi wake. Na sababu aliyoitoa haikuwa apate kusifiwa kwa usemaji, bali ni wale watu wapate kuyafahamu maneno yake. Maandalizi yake yote yalimwelekea msikilizaji.

Tena kuna kisa cha Bibi Ummu Sulaym na mumewe Abu Talha, Mwenyezi Mungu awe radhi nao, kilichopokewa katika vitabu vya Hadithi vilivyo sahihi. Mtoto wao alikuwa mgonjwa. Abu Talha akatoka, na huku nyuma mtoto akafariki dunia. Mama akawakataza watu wa nyumbani wasimpe baba khabari ile mpaka yeye mwenyewe aseme naye. Abu Talha akarudi, akala chakula cha usiku, na usiku ukapita kama ilivyo ada ya mke na mume. Kisha mama yule akamwuliza mumewe suali moja: kama watu wamewaazima wenzao kitu, kisha wakakitaka kitu chao, je, walioazimwa wana haki ya kukizuia? Abu Talha akasema hawana. Hapo ndipo alipomwambia kuwa mtoto wao ametwaliwa na Mwenye kumiliki.

Lizingatieni suali lile. Lilikuwa fupi, lakini ndani yake mlikuwa na mafundisho yote ambayo moyo wa baba ungeyahitaji baada ya kitambo kidogo: kwamba mtoto ni amana, na kwamba Mwenye amana hazuiliwi. Lau angeambiwa ghafula, khabari ile ingemwangukia kama jiwe. Na zingatieni vile vile kwamba Abu Talha alikasirika kwa kuwa hakuambiwa mapema, akaenda kumshitakia Mtume. Na Mtume akawaombea baraka katika usiku wao ule, wakaruzukiwa mtoto mwingine, Abdullah. Kwa hiyo utangulizi ni rehema, lakini hata rehema hiyo ina uzito wake kwa anayengojeshwa. Asiifanye mtu kuwa ndefu kuliko inavyohitajiwa.

Hekima kama hii hatukosi kuiona hapa petu Kilimanjaro. Mnaujua mmea wa sale, ambao Wachaga tangu zama za wazee wanaupanda katika mipaka ya vihamba. Jani la mmea huo huo ndilo linalotangulizwa na mtu aliyemkosea mwenziwe anapotaka msamaha, ama alichukue mwenyewe, ama alipeleke kwa mkono wa mjumbe. Na aliyeletewa jani huona vigumu sana kulikataa. Sisi Waislamu hatuitakidi kwamba jani lina uwezo wowote. Msamaha hutoka moyoni, na taufiki hutoka kwa Mwenyezi Mungu. Lakini ada hii ina akili ndani yake, nayo yafaa ifahamike.

Chukueni mfano wa ndugu wawili waliogombana kwa ajili ya mpaka wa hatua mbili. Miaka inapita, watoto wao hawasalimiani, na msiba ukitokea kwa huyu, yule haonekani. Siku mmoja akitaka suluhu, akaenda na neno lake la kwanza likawa juu ya mpaka, hasira itamjibu kabla ya akili. Lakini akitanguliza jani, mwenziwe anajua kabla ya kusikia lolote kuwa huyu hakuja kwa ugomvi. Kifua kinalegea, kiti kinatolewa, na sasa hata maneno mazito ya mpaka yaweza kusemwa. Jani halikuumaliza ugomvi; limewapatia watu wawili nafasi ya kusikilizana.

Na hapa pana onyo. Aliyetanguliza jani, kisha akakataa kuirudisha ardhi aliyoichukua, huyo ameudhulumu utangulizi wake. Kila utangulizi ni ahadi, na maneno yanayofuata ndiyo malipo ya ahadi ile.

Wale wanaowapandisha wageni mlimani kwa njia ya Marangu nao wanalijua jambo hili kwa namna yao. Hawamchukui mtu moja kwa moja mpaka kilele cha Kibo, kilicho mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Hulala kwanza Mandara, kiasi cha mita 2,700; kisha Horombo, kiasi cha mita 3,700; na wengi hukaa Horombo siku moja zaidi, wakitembea kidogo upande wa Mawenzi na kurudi, ili mwili uzoee hewa nyepesi. Siku ile haimsogezi mtu karibu na kilele, lakini asiyeipata huweza kushindwa njiani kwa maumivu ya kichwa na kichefuchefu. Hivyo ndivyo ulivyo utangulizi mwema: waonekana kama kuchelewa, kumbe ndio unaomwezesha mtu kufika.

Kumjulisha msomaji msingi wa maneno

Kazi ya tatu ni kumjulisha msomaji au msikilizaji jambo lenyewe na msingi wake. Na katika lugha yetu ya Kiswahili tunao mfano ulio bora. Bibi Mwana Kupona binti Mshamu, wa huko Pate katika visiwa vya Lamu, alitunga utenzi wake karibu na mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa, na mwaka 1860 akafariki dunia. Katika mwanzo wa utenzi ule anamwita binti yake asogee karibu, anamweleza kuwa maradhi yamemshika muda wa mwaka mzima asipate nafasi ya kumpa neno jema, anamtaka akae na wino na karatasi, kisha anamtaja Mwenyezi Mungu na Mtume wake kabla ya kuanza kuusia.

Kwa beti chache tu amekwisha kutujulisha mambo manne: nani anasema, anasema na nani, kwa nini asema leo wala si kesho, na kwa jina la nani. Kila anayeusoma wasia unaofuata, juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa, anausoma akijua kuwa ni sauti ya mama anayeona muda wake ni mfupi. Utangulizi ule ungeondolewa, nasaha zingebaki zile zile, lakini tusingejua gharama yake kwa yule aliyezitoa.

Maulamaa wetu wa Hadithi nao walikwenda kwa njia mbili, na zote mbili zina mafunzo. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra, yaani 870, hakuandika dibaji ndefu katika Sahihi yake. Aliiweka mwanzoni Hadithi ya nia, iliyopokewa kwa Sayyidna Umar, na wanavyuoni wengi wakasema kuwa Hadithi hiyo imesimama mahali pa khutba ya kitabu, kana kwamba anajihoji yeye na kumhoji msomaji: umekuja kutafuta nini? Mwanafunzi wake, Imamu Muslim, aliyefariki mwaka 261, yaani 875, aliandika utangulizi mrefu. Ndani yake alieleza sababu ya kukusanya kitabu chake, na jinsi ya kuwapambanua wapokezi waaminifu na wasioaminika, na akaonya vikali juu ya kumsingizia Mtume uwongo. Mmoja ametanguliza nia, wa pili ametanguliza mizani. Hakuna hata mmoja aliyetanguliza sifa zake.

Na Ibn Khaldun, alipotaka kuandika tarikhi ya Waarabu na Waberberi na mataifa mengine, aliona kwamba khabari nyingi za tarikhi zapokewa bila kupimwa. Basi mwaka 1377, akiwa katika ngome ya Ibn Salama katika nchi ambayo leo ni Algeria, akaandika kwa muda wa miezi mitano utangulizi wa kueleza jinsi jamii za watu zinavyoinuka na kuanguka, ili msomaji apate kipimo kabla hajaletewa khabari. Utangulizi huo, Muqaddima, umekuwa mashuhuri kuliko kitabu chenyewe.

Enyi wanafunzi wa vyuo na wa shule! Maulamaa waliwawekea wanaoanza elimu yoyote mambo kumi ya kuyajua kwanza: maana ya elimu ile, maudhui yake, faida yake, ubora wake, uhusiano wake na elimu nyingine, mwanzilishi wake, jina lake, inakotoka, hukumu ya sheria juu ya kujifunza kwake, na masuala yake. Msiyaone kuwa ni ya kukariri tu. Mtu anayeanza kusoma fiqhi au hisabati pasina kujua elimu ile yahusu nini na ina faida gani, ni kama msafiri aliyepanda gari bila kuuliza liendako.

Aibu za utangulizi

Ndugu Waislamu, kitu kilicho na faida kubwa hakikosi kuharibiwa, na utangulizi huharibiwa kwa njia nne.

Ya kwanza ni kujisifu. Mtu hutumia mwanzo wa maneno yake kuhesabu safari zake, vyeo vyake na wakubwa anaojuana nao, hata watu wakasahau walichoitiwa.

Ya pili ni unyenyekevu wa uwongo. Msemaji husema kuwa hakujitayarisha, wala hana ajualo, kisha asiteremke jukwaani. Kama kweli hana la kusema, kunyamaza ndiko kheri kwake. Na kama analo, na alitoe.

Ya tatu ni hila. Mtu akupigia simu, akakuuliza hali yako, akazisifu kazi zako, akawaulizia watoto wako mmoja mmoja, na yote hayo ni njia ya kufikia mkopo asiokusudia kuulipa. Huyu amezichafua hata salamu, kwani baada yake utamwogopa kila anayekujulia hali.

Ya nne ni kurefusha. Katika sherehe zetu msemaji huwataja wageni wa heshima kwa vyeo vyao, na anayemfuata akarudia, na wa tatu akarudia, ingawa walikwisha kuambiwa kuwa itifaki imezingatiwa. Katika Hadithi aliyoipokea Ammar bin Yasir, Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa miongoni mwa dalili za mtu kuwa na ufahamu ni kuirefusha sala yake na kuifupisha khutba yake. Ikiwa khutba nzima yatakiwa iwe fupi, utangulizi wake uwe na urefu gani? Barua ya Nabii Suleiman kwa Malkia wa Sabaa ni mfano wa kutosha: ilitaja imetoka kwa nani, ikamtaja Mwenyezi Mungu Mwingi wa rehema, kisha ikaingia katika jambo lenyewe kwa sentensi moja. Na barua ile fupi ilimfanya malkia awakusanye wakubwa wake kwa mashauri.

Mnapotaka kuona utangulizi ulio sawasawa, tazameni tunapokuwa mbele ya jeneza. Kabla ya sala, mmoja wa jamaa za marehemu husimama, akawaomba watu radhi kwa niaba yake, akasema kuwa mwenye kumdai aonane na warithi. Ni maneno ya dakika moja. Hayataji mali ya marehemu wala cheo chake. Lakini asili yake ni kubwa, kwani Mtume (S.A.W.), alipoletewa maiti, alikuwa akiuliza kama ana deni. Aliletewa mmoja aliyekuwa na deni, asiache cha kulilipa, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Basi maneno yale mafupi yanaweza kumfungulia maiti kifungo, na kumrudishia mjane wa jirani haki yake ambayo angeona haya kuidai. Anayeyasema asiyapitie kwa haraka, na anayeyasikia asiyahesabu kuwa ni ada tu.

Tuyachukue haya mpaka majumbani mwetu. Mzazi anayetaka kumkanya mwanawe na aanze kwa neno la kumjulisha kuwa anampenda, kisha asiliache kosa bila kulitaja. Anayepeleka khabari ya msiba kwa simu na aulize kwanza mwenziwe yuko wapi na yuko pamoja na nani, kisha aseme kweli pasina kumzungusha. Anayeandika barua na aanze kwa salamu, kisha alete dhumuni lake kabla msomaji hajachoka. Anayesema kwa redio, ambaye uso wake hauonekani, na ataje jina lake na jambo lake mapema, kwa kuwa yuko anayemsikiliza huku mikono yake iko kazini. Na mwanafunzi, akimaliza insha yake, na arudi kuusoma utangulizi wake, ajiulize: niliyoyaahidi hapa, nimeyatimiza?

Ewe Mola wetu, ukunjue vifua vyetu, zifungue ndimi zetu kwa lililo kweli, na utujaalie tuwe wenye kuzitimiza ahadi za maneno yetu. Wasamehe wazee wetu waliotutangulia, utupatanishe sisi tuliogombana, na uufanye mwisho wetu kuwa mwema kuliko mwanzo wetu. Amin.